Shilingi 23,500 kwenye kopo

Korosho ikiuzwa vizuri huku kwetu, mtu wa pili kujua baada ya karani wa mizani ni fundi cherehani. Mimi ni fundi cherehani. Nimekaa kwenye kibaraza kimoja karibu na soko kuu la Mtwara kwa zaidi ya miaka 15, na sihitaji redio kuniambia mnada umekwendaje. Vitenge huanza kurundikana mezani. Kwanza doti moja moja, halafu anatokea mama kutoka Nanyamba au Tandahimba na jora zima begani, anasema, "Dada fundi, hii ni sare ya watu kumi na wanane, mwali wetu anatoka Jumamosi."

Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa aina yake. Nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 na minadani bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, wakati miaka mitano nyuma tulikuwa tukiuza kwa 1,200 na kushukuru. Nilishona usiku mpaka adhana ya alfajiri. Ndipo pia zilipoenea hadithi za mkulima wa Kusini aliyemnywesha mbuzi wake soda kwa kuzidiwa na pesa. Ziliniuma wakati ule na zinaniuma hadi leo. Mwajiriwa akikopa benki deni la miaka mitano anunue gari, hakuna anayemtungia hadithi. Mkulima anayeona fedha yake mara moja kwa mwaka akimnunulia mkewe kitanda, anakuwa kichekesho cha nchi nzima. Nayasema haya mapema, maana mimi mwenyewe nilizitumia vibaya fedha zangu za mwaka ule, lakini si kwa namna wanayoisimulia watu wa mbali.

Nina ekari nne za mikorosho katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba. Alinigawia mjomba, kaka yake mama, kwa utaratibu wetu wa Kimakonde ambao ardhi hufuata upande wa mama. Mwaka ule nilipima kilo 860. Baada ya makato nikaingiziwa zaidi kidogo ya milioni tatu, kwa awamu, na kila awamu nilipanga foleni benki tangu giza halijatoka. Ukijumlisha na vitenge vya kibarazani, kati ya Novemba na Januari zilipita mkononi mwangu kama milioni nne na nusu. Sikuwahi kushika fedha kama hiyo.

Milioni moja na laki mbili ilikwenda kwenye unyago wa binti yangu. Alikuwa na miaka 10. Tulimcheza kijijini kwa mama, mjomba akisimamia, yeye na wenzake watatu. Wakakaa ndani siku zao wakifundwa na somo wao, na usiku wa mwisho hapakulala mtu. Tulipika magunia matatu ya mchele, tukachinja mbuzi wanne. Vijana walileta spika kutoka mjini, lakini kulipokaribia kupambazuka wazee wakaomba spika zizimwe, zikabaki ngoma zenyewe na sauti za wanawake. Asubuhi mabinti wakatolewa wamefunikwa kanga mpya, wamepakwa mafuta, macho chini. Mama yangu akalia. Watu wakaanza kutunza: huyu elfu mbili, huyu kanga, huyu sahani sita, huyu kuku mzima akipiga mbawa. Pembeni alikaa binamu yangu na daftari akiandika jina la kila mtu na alichotoa, kwa sababu na yeye atacheza mwali wake kesho na sisi tutakwenda. Hiyo ndiyo benki yetu ya kwanza, ilikuwepo kabla ya foleni zote.

Ngoma ile sijutii hata shilingi yake. Majuto yangu yako kwenye zile milioni tatu na ushee zilizobaki, ambazo nikiulizwa leo zilikwenda wapi naweza kutaja nusu tu. Seti ya makochi mekundu, kwa sababu jirani alinunua ya bluu. Televisheni. Pikipiki iliyokwishatumika kwa baba watoto. Simu mbili. Nyingine ziliyeyuka kwenye mambo ambayo hata siku ile ile jioni nisingekumbuka: nauli ya bajaji mahali ambapo miguu ingefika, soda za wageni ambao walikuwa wameomba maji, kiatu cha mwanasesere. Nilikuwa nafurahia kutoa noti bila kuitazama. Ilikuwa raha ya kweli, sitaki kuikana. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu sarafu mara mbili kabla ya kununua chumvi, kuacha kuhesabu ni kama kutua mzigo wa kuni.

Lakini mkorosho una kalenda yake. Mwezi wa sita unatoa maua, na maua yakija na ubwiri unga nao unakuja, ule unga mweupe unaokausha ua kabla halijashika. Dawa yake ni salfa, robo kilo kwa kila mti, unarudia kila baada ya wiki mbili, mara nne au tano. Mikorosho yangu ni karibu mia, kwa hiyo ni mifuko mitano ya kilo 25, na mtu wa kupulizia, na petroli ya pampu, na palizi kabla ya yote. Fedha inaingia Novemba, shamba linaidai Juni. Katikati kuna sare na madaftari ya Januari, kuna masika, na mwaka ule Ramadhani iliangukia mwezi wa tano. Ilipofika Juni 2018 nilikuwa na shilingi 40,000 na pikipiki iliyokufa injini.

Nikaenda kwa mtu wa kangomba.

Asiyetoka huku huenda hajui. Kangomba ni ununuzi wa kificho, nje ya mizani ya chama cha ushirika, na mara nyingi korosho inanunuliwa ikiwa bado ua juu ya mti. Umekwama, mtu anakupa fedha leo, msimu ukifika unamlipa kwa kilo, bei ikiwa imepanda au imeshuka. Serikali imeikataza, na kila mtu anaifahamu nyumba ya kuipata. Yule bwana alinipa shilingi 400,000 kwa kilo 400. Hatukuandikiana kitu. Alinikaribisha chai, akaniuliza hali ya mama, akanihesabia noti taratibu kama anayenionea huruma.

Msimu huo nao ukavurugika. Wanunuzi walikuja na bei ndogo minadani, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya jeshi yakaja kubeba. Mimi nilivuna kilo 610 tu, kwa sababu salfa niliipuliza kwa kuchelewa. Yule bwana akafuata zake 400. Kwa bei ile ya serikali ilikuwa 1,320,000 kwa mkopo wa laki nne. Magunia yalikuwa mabovu, yanavuja, na yeye hakuwa na shazia. Nikatoa ya kwangu, nikapiga magoti mbele ya nyumba ya mama, nikamshonea magunia yake mwenyewe, moja baada ya jingine, mama amesimama mlangoni bila kusema neno. Fedha ya kilo 210 zilizobaki niliipata Aprili mwaka uliofuata.

Siku ile ya magunia niliapa.

Nilinunua daftari la kurasa mia na ukurasa wa kwanza nikaandika: *Mali bila daftari hupotea bila habari.* Kila kilichoingia na kutoka kikawa humo, hata kiberiti. Makochi niliyauza kwa theluthi ya bei. Asubuhi ikawa uji wa chumvi, mchana kila mtu na lake, jioni ugali wa makopa na kisamvu. Samaki Ijumaa tu, vibua vya mafungu ya mwisho wa soko. Nikatoka kwenye mchezo wetu wa kina mama, kwa kuwa niliona kutoa elfu tano kila wiki kwa zamu ya mwingine ni kuzembea. Halafu nikaacha michango. Kwanza harusi za watu wa mbali, kisha za karibu, kisha ngoma za wali. Kadi ikija naipokea kwa mikono miwili, nasema "inshallah", naiweka chini ya cherehani.

Baba watoto ni fundi uashi na tulitofautiana vibaya. Yeye aliionja Mtwara ya miaka ya gesi. Mwaka 2012, 2013, 2014, meli za utafiti ziko baharini, nyumba za Shangani wanapangisha wageni kwa dola, kila mwenye kiwanja anajenga vyumba vya kulala wageni, na fundi uashi anachagua kazi. Bomba lilikwenda Dar es Salaam, wageni wakapungua, na vyumba vingi alivyovijenga vikabaki na komeo mlangoni. Hakuweka akiba hata matofali. Nilikuwa nikimtolea mfano huo kila tukigombana. Naye alinijibu kitu ambacho wakati ule nilikiona cha kipuuzi: "Lakini miaka ile mama yako alikuwa anakuja kukaa hapa mwezi mzima. Sasa hivi anakaa siku mbili anaaga." Akaanza kupitia kwa mama lishe kabla ya kurudi, anafika nyumbani ameshiba, anakaa tu kutusindikiza tukila. Mimi niliandika kwenye daftari kwamba matumizi ya chakula yameshuka.

Nilijiona nimerudi kwenye njia ya bibi yangu. Bibi mzaa mama alikuwa mbanaji anayejulikana, na nilijivunia kumfuata. Lakini nilikuwa nimekumbuka nusu yake tu.

Uwanda wa Makonde, kule juu Newala na Tandahimba, una shida ya asili ya maji. Mvua ikinyesha udongo wa mchanga unayameza yote, chemchemi ziko chini bondeni. Bibi na wenzake walishuka mteremko alfajiri na kupanda na mitungi jua likiwa limechomoza, au wakakinga ya paani mwezi wa masika na kuyahifadhi kwenye shimo mpaka kiangazi. Kwa hiyo maji yake aliyapima kwa kata. Kata moja kuoga mtoto. Maji ya kuoshea mchele yanaosha vyombo, ya kuosha vyombo yanamwagiwa mpapai. Na barabara nayo: kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, mvua zikikolea Kusini ilikuwa kisiwa. Mabasi yalikwama njiani siku nyingi, na magari yakisubiri pantoni pale Ndundu, sukari na mafuta ya taa huku yalikwisha madukani. Ndiyo maana darini kwa bibi hapakukosa makopa, choroko, chumvi iliyofungwa kwenye majani. Aliweka kwa sababu alijua njia itakatika.

Nusu niliyoisahau ni hii. Akija mtu kutoka bondeni, kavu mdomo, bibi alijaza kata mpaka ikamwagika kidogo chini, na hakuturuhusu kuyakinga yale yanayomwagika. Sisi wajukuu tulikuwa tunaumia tukiona. Na kila mwaka ndugu wa ukoo akicheza mwali, yale makopa ya darini yalishuka, kikapu baada ya kikapu, mpaka unaiona mbao ya dari. Hakuwahi kueleza. Mimi sikuwahi kuuliza.

Kufikia mwisho wa 2020 nilikuwa na 2,800,000 benki. Palizi na salfa nalipa taslimu, kangomba naisikia kwa wengine. Ningepaswa kulala usingizi. Badala yake nilikuwa naamka usiku kusoma daftari. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo daftari lilionyesha na mimi nilikataa kuliona: mapato ya kibarazani yalikuwa yanashuka mwaka hadi mwaka. Niliilaumu korosho, halafu korona, halafu mafundi wapya wa mtaa wa nyuma wenye mashine za kudarizi. Ikanichukua muda kukubali kwamba sare za ngoma zilikuwa haziji tena kwangu. Mwanamke ambaye alinitunzia mwanangu kanga mbili, na mimi sikutokea kwa mwanawe, atanileteaje jora lake? Hakuna aliyenigombeza. Walinisalimia vizuri tu, wakipita.

Juni 2021, shule zimefungwa, nilikuwa nafagia uvungu wa kitanda cha binti yangu nikagonga kopo la maziwa ya unga. Zito. Nikalifungua. Sarafu, na noti chache za elfu zilizokunjwa mara nne. Nikazimwaga kitandani nikahesabu: shilingi 23,500.

Alikuwa kidato cha kwanza, shule ya kutwa. Kila siku nilimpa 500 ya mchana, anunue mihogo au maandazi na kachori, kisha anarudi jioni. Nikamwita. Akaja anatabasamu kwa aibu, akafungua nyuma ya daftari lake la hisabati. Alikuwa ameandika kama ninavyoandika mimi, safu mbili, tarehe na kiasi. Mia tano, mia tano, mia tano, mpaka chini.

"Mama, nilitaka zifike elfu hamsini ndipo nikupe."

"Mchana ulikuwa unakula nini?"

"Nakunywa maji pale bombani, nalala kidogo kwenye dawati. Inapita."

Nitasema kilichonitoka, kwa sababu bila hicho hakuna maana ya kuandika haya yote. Nilifurahi. Nilimkumbatia, nikamwita mdogo wake aje aone dada yake alivyo na akili, nikamwambia mimi sikuwa na akili hiyo nikiwa na umri wake. Zile fedha nikazichukua, nikaziandika upande wa mapato.

Ilikuwa usiku, kila mtu amelala, nilipogawanya. Kazi yangu ni kugawanya: mita kwa gauni, doti kwa watu, mia kwa miti. Elfu ishirini na tatu mia tano gawanya kwa mia tano ni arobaini na saba. Siku 47. Mtoto wa miaka 14 anayekua, anayetoka nyumbani na uji wa chumvi saa kumi na mbili asubuhi, anakaa mpaka saa kumi jioni, siku 47. Nikakumbuka kwamba mwezi wa tano mwalimu wake alinipigia simu kusema anasinzia vipindi vya mchana, nami nikamgombeza mtoto nikidhani ni simu. Nikakumbuka Idi, kwa mama mdogo kule Mikindani, alipoongezewa nyama kwenye pilau akafunika sahani kwa mkono, "Nimeshiba, mama mdogo," huku macho yake yako kwenye sufuria. Wakati ule niliona ni adabu.

Nililia mpaka baba watoto akaamka. Sikuweza kumweleza, nikamwonyesha ile hesabu. Aliitazama muda mrefu. Hakusema "nilikwambia". Alitoka nje, akakaa kibarazani mpaka asubuhi.

Kesho yake nikampigia mama. Nilitaka anifariji, akanihoji.

"Unaogopa nini, mwanangu?"

"Kangomba, mama. Sitaki kurudi kule."

"Yule mtu si alishaondoka na kilo zake mia nne? Mbona bado unamlipa?"

Kwa miezi kadhaa sikubadilika sana. Tabia ya kubana haitoki kama nguo. Chakula cha nyumbani nilikibadilisha siku ile ile: mayai, maharage, samaki mara tatu kwa wiki, na mtoto hakupewa tena fedha mkononi, nililipia chakula chake kwa mama anayeuza pale shuleni, kwa wiki nzima, ili asiwe na cha kuweka. Lakini mimi mwenyewe, nikishika noti ya elfu kumi sokoni, mkono ulikuwa mzito.

Kilichonisaidia ni daftari jingine. Novemba ile nilikwenda kijijini, nikamwomba binamu anipe lile la ngoma ya 2017. Tukakaa naye chini ya mwembe tukisoma majina. Watu 63 walimtunza mwanangu. Kati yao, 11 walikuwa wamekwishacheza wali wao tangu wakati ule na mimi sikutia mguu wala shilingi. Wengine walikuwa na misiba. Nikatoa laki tatu kwenye ile akiba, nikanunua kanga doti kwa doti, nikaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Hakuna kitu kigumu nilichowahi kufanya kama kubisha hodi na zawadi iliyochelewa miaka miwili. Wengi walicheka, wakanivuta ndani, wakanilisha ming'oko ya moto na chumvi, tukaongea mpaka giza. Mmoja alinipa somo la nusu saa kuhusu ukoo, nikalipokea lote kichwa chini. Wawili hawakuzipokea. Mmoja wa hao wawili bado hajanisamehe, na sidhani ana kosa.

Sare zilianza kurudi kibarazani msimu uliofuata, si zote.

Ya shamba nimeyaweka mbali nami kabisa. Fedha ikiingia, kabla sijanunua hata kitunguu, ya palizi na ya mpuliziaji na ya petroli namkabidhi mjomba kijijini. Yeye ndiye aliyenipa ile ardhi na ana haki ya kuniuliza. Miaka ya karibuni salfa imekuwa ikigawiwa kwa ruzuku kupitia vyama vya msingi, na huo ni mzigo mkubwa uliotutoka wakulima. Lakini mgao ukichelewa ua halingoji, kwa hiyo na fedha ya mfuko mmoja au miwili nayo inakaa kwake. Mpaka sasa kangomba sijaikaribia. Ninaandika bado kwenye daftari, ila siandiki tena chakula wala kilichokwenda kwa mtu. Baba watoto aliniomba hivyo, na nimeona kuna kitu ndani ya nyumba kinapumua vizuri zaidi tangu nilipoacha.

Wapo wanawake wenzangu wanaokuja kibarazani kuniuliza nifanyeje, fedha haikai. Wakati mwingine hao hao ndio wanaoagiza gauni la tatu kwa sherehe moja, na ni mimi ninayelipwa kulishona. Huwa namwambia ukweli, hata nikipoteza kazi: kama gauni hili ni la kumkimbiza fulani, usishone. Kama ni la kukaa na watu wako ukajiona mtu, lete, nitalitia urembo bila kuzidisha bei. Wengi wanajua jibu kabla sijamaliza kuuliza. Mmoja alikunja kitenge chake akaondoka nacho, wiki iliyofuata akaniambia amemnunulia mama yake godoro. Mwingine alisema, "La pili, dada fundi, shona," na nililishona kwa moyo wote, na nilikuwepo siku alipolivaa.

Msimu wa 2024/25 bei ilipita tena shilingi 4,000 kwenye mnada wa kwanza. Vitenge vikajaa mezani mpaka nikaajiri msichana wa kunisaidia kupiga vifungo. Binti yangu alikuwa anafanya mtihani wa kidato cha nne Novemba ile, na Desemba mtoto wa mdogo wangu alikuwa anatoka mwali. Tulichanga na mdogo wangu, tukapika, tukaalika kila jina kwenye lile daftari la zamani na wengine wapya. Nilitoa fedha nyingi, nikijua kila noti inakwenda wapi. Ile kata ya bibi nilikuwa nayo akilini usiku kucha.

Siku binti alipomaliza karatasi yake ya mwisho nilifunga kibaraza mapema, nikamwambia leo tunakwenda Shangani ufukweni, mimi na wewe, uagize unachotaka. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, maji yametoka, mitumbwi imelala ubavu kwenye matope. Akaja kijana wa jiko akataja alivyonavyo: pweza, ngisi, changu wa kukaanga, chipsi, na bei ya kila kimoja.

Binti yangu alikuwa na miaka 17 wakati huo, mrefu kunizidi. Kijana alipotaja bei ya changu, kabla hajajibu, alinitazama usoni. Haraka sana, kama mtu anayetazama saa. Sidhani anajua kwamba anafanya hivyo.

Nikageuza kiti, nikatazama baharini, nikakaa hivyo hivyo mpaka alipomaliza kuagiza.